Machozi ya Kipande

Kwa miaka ishirini na minne ya ndoa yake, Hironimus Ngonyani hakuwahi kusimama karibu na mama mkwe wake. Akimwona bibi Emerensiana anakuja njiani na ndoo kichwani, alichepuka kwenye majani, akageuza uso pembeni na kungoja apite. Hakumtaja jina, hakula naye, na kumwita ndiko kabisa hakukufikirika. Likiwapo neno la lazima lilipitia kwa Ida, mkewe, likaenda na kurudi naye. Walimu waliohamishiwa Madaba kutoka Moshi na Tabora walipoona mtu mzima anajibanza nyuma ya mgomba kwa sababu ya kibibi chenye bakora, walishika mbavu kwa kicheko. Wenyeji wa Ng'ambo, kitongoji chao kilicho mashariki ya Madaba, hawakuona cha kuchekesha. Mkwe wa Kingoni wa zamani alilelewa hivyo, na Hironimus aliringia kuwa mkwe wa zamani.

Adabu hiyo, pamoja na uongo mmoja alioutunga mwenyewe, ndiyo iliyompeleka yule bibi kaburini Februari ya mwaka 1993. Na hata alipokwisha kuzikwa uongo haukulala. Uligeuka ukaanza kulila jina lake.

Hironimus alizaliwa Mpitimbi, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na mwaka 1966 akaajiriwa kuwa askari wa wanyamapori. Walimpa bunduki, kaptula ya kaki na buti zilizombana. Kazi yenyewe alifundishwa na Swalehe, Myao wa Tunduru, mtu mfupi mwenye maneno machache, ambaye gazeti lilimshinda lakini njia ya mnyama aliisoma bila kusita. Siku moja ya Januari Swalehe alimsimamisha porini akamwonyesha nyayo za tembo. Katikati ya nyayo ulipita mstari wa majimaji, na harufu yake ilikuwa kali hata macho yakawasha.

"Huu mkojo," alisema Swalehe. "Unamdondoka anatembea, wala hana habari. Wallahi, huyu usimpigie debe kumfukuza, usimkaribie, usijifanye mwanamume. Angalia upepo, ugeuke, uondoke."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Yuko kwenye miezi yake. Anatafuta majike."

Baadaye walimwona kwa mbali, na Swalehe akamwonyesha mengine. Kati ya jicho na sikio palikuwa pamevimba, na katika uvimbe ule palitoka maji meusimeusi yaliyoteremka shavuni hadi kwenye taya. Miguu ya nyuma ilikuwa imelowa kwa ndani. Kichwa alikiinua juu, na kila alipokutana na mti uliomchukiza aliusukuma ukalala. Hali hiyo, alisema Swalehe, huwajia madume waliokomaa mara moja kwa mwaka, na wengi wa huku huwajia mvua zikikolea na malisho yakiwa tele. Hukaa nayo wiki kadhaa, wakubwa zaidi hata miezi miwili mitatu. Halafu dume likishakonda, mashavu hukauka, na lile lililotaka kuua kila kitu hurudi kula majani kwa upole.

Hironimus alilishika somo hilo, akaongeza na yake. Alijua kwamba mvua zikiisha, shingo za swala pala dume hunenepa, wakaanza kukoroma na kufukuzana mpaka wanasahau kula. Anayetamba wiki hii wiki ijayo amechoka, mbavu nje, ananyang'anywa majike na mwenzake aliyekuwa amejipumzikia. "Kila dume lina kalenda yake," alipenda kuwaambia wanywaji wa ulanzi kilabuni. "Ni sisi tu tusio nayo, ndiyo maana tunasumbua mwaka mzima." Watu walicheka, na wanaume wenyewe ndio waliocheka zaidi. Mambo hayo yalisemwa kilabuni tu. Nyumbani, mbele ya wakwe, hakuna mtu mwenye akili timamu angeyagusa.

Tembo wa Ng'ambo alikuwa mmoja. Waliokuwa wengi walikwisha kuuawa na majangili, na huyu aliyebaki, dume lenye pembe ya kushoto iliyovunjika, watu walimwita Kipande. Kila mwaka, mahindi yakianza kubeba, alitoka msituni akapita pembezoni mwa mashamba kuelekea bondeni walikokuwa majike. Alipokuwa na nafasi alikula. Alipokuwa kwenye miezi yake hata hakula sana, alikanyaga tu, na hasara ilikuwa ileile.

Mwaka 1988 watu walichoka. Walikuwa wakulima wa tumbaku, dawa kali za kuulia wadudu hazikukosekana majumbani, na wakapatana kutoboa maboga na kuyajaza dawa. Hironimus alisikia. Wakati huo idara haikumpa risasi wala mafuta ya gari, na mizoga minne ya tembo, nyuso zimekatwa kwa shoka, alikuwa ameihesabu yeye mwenyewe mwezi uliopita. Kuongeza wa tano, tena wa sumu, kulimuuma. Alimpenda Kipande, hilo asingelikana hata chini ya kiapo. Basi akasimama mkutanoni, na badala ya kuwatishia sheria, ambayo wote walijua haina meno, akasema neno lililomjia pale pale.

"Mmemtazama usoni? Mmeona mashavu yake? Analia yule. Anawalilia wenzake waliouawa. Sasa ninyi Wakristo mtamwekea sumu mfiwa?"

Hironimus alijua vizuri kwamba maji yale hayatoki jichoni, na alijua yanatoka wapi na kwa nini. Lakini aliona wanawake wanapangusa nyuso kwa ncha za kanga, akaona wanaume wanatazama chini, na maboga hayakutobolewa. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Ulikuwa uongo mtamu, umeokoa uhai, na nani aliwahi kufa kwa uongo wa aina hiyo?

Bibi Emerensiana aliupokea kuliko wote. Miaka miwili kabla alikuwa amezika mume na watoto wawili wa kiume ndani ya mwaka mmoja, na tangu hapo alikuwa mtu wa kunyamaza. Sasa alipata mfiwa mwenzake. Mvua zilipokolea tena na Kipande akaonekana mashavu yamelowa, bibi alichota unga kidogo kwenye ungo, akaenda hadi mwisho wa shamba lake, akaumimina chini kwenye njia ya tembo kama watu wanavyowawekea marehemu wao. "Pole, baba," alisema. "Pole sana. Hata mimi." Akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata akafanya vilevile, na mwingine, na mwingine. Wanawake wengine walimwiga, ila wao waliweka unga asubuhi na mapema wakakimbia. Emerensiana hakukimbia. Kila mwaka alisogea kidogo zaidi, na kila mwaka Kipande alikuwa mbali, au upepo ulikuwa mwema.

Hironimus aliona, na usingizi ukaanza kumpaa. Akamwambia mkewe.

"Mama Leticia, mwambie mama aache kwenda kule na unga. Ni hatari."

"Nimemwambia," alisema Ida. "Amesema hatari gani, na mkwe wake mwenyewe ndiye aliyesema analia."

Hapo Hironimus alikuna kichwa, akatazama mlangoni kama kuna mtu, akamweleza Ida ukweli. Alimweleza kwa kuzungukazunguka, na hata hivyo jasho lilimtoka. Ida alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko cha kutoamini.

"Sasa mimi nikamwambie mama hayo? Nikasimame mbele ya mama yangu mzazi nimwambie tembo wako halii, ana nyege? Baba Leticia, una wazimu?"

"Basi mtume shangazi yako."

"Shangazi amekufa mwaka jana. Ulichimba kaburi wewe."

Ndivyo ilivyobaki. Mkwe hawezi kusema, binti hawezi kusema, na aliyeweza kusema yuko chini ya udongo. Kila mwaka Ida alirudia tu kwamba ni hatari, na kila mwaka mama yake alimjibu kwamba kumpa mtu pole hakujawahi kuwa hatari.

Mwaka 1992 serikali ilianza kupunguza wafanyakazi, na barua ikamfikia Hironimus. Alirudisha bunduki, kaptula akaambiwa abaki nayo. Mwaka huo huo kampuni ya uwindaji ikapewa kitalu upande wa pili wa msitu, magari mapya yakawa yanapita Madaba bila kusimama, na Ng'ambo ikabaki na madebe yake ya kupigia kelele.

Asubuhi ile ya Februari alikuwa ametoka kutazama mahindi. Alikuta nyayo za Kipande zikiwa mbichi, na katikati yake ule mstari. Hakuhitaji kuinama, harufu ilimjia amesimama. Alizifuata nyayo kwa macho akaona zinaelekea shamba la mama mkwe, akakimbia. Alipofika kwenye migomba iliyo mpakani alisimama ghafla. Bibi Emerensiana alikuwa mbele yake, amempa mgongo, ungo mkononi, anatembea polepole kuelekea kwenye matete. Upepo ulikuwa unatoka kwake kwenda huko. Matete yalikuwa yanatikisika.

Hironimus alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Miaka ishirini na minne hakuwahi kumwita. Angemwita nani? Jina lake hakuruhusiwa kulitaja. Kumpigia kelele mama mkwe porini, mwanamume na mwanamke peke yao, na akiuliza kuna nini amjibu nini? Alikohoa. Bibi hakusikia kikohozi. Basi akafanya lile ambalo mkwe mwenye adabu hufanya: aligeuka, akakimbia nyumbani kumchukua Ida aje amwite mama yake.

Walikuwa nusu njia kurudi waliposikia. Hironimus alikuwa amesikia sauti ya tembo mwenye hasira mara nyingi maishani, na alijua kwamba sauti ile haikuwa ya kutisha tu. Walipofika Kipande alikwisha kuondoka. Unga ulikuwa umetapakaa na ungo umekanyagwa, na mengine hayana haja ya kusemwa. Ida alianguka chini juu ya mama yake. Hironimus alisimama pale, kwa mara ya kwanza hatua moja tu kutoka kwa mama mkwe wake, akavua shati amfunike.

Walimzika vizuri, katekista akasoma, watu walijaa. Lakini ilipofika siku ya kuanua matanga, nusu ya wanawake hawakuja. Pombe ilibaki kwenye vyungu. Jumapili kigangoni, Ida alipokaa kwenye benchi lake, waliokuwa wameketi walisogea, kisha mmoja mmoja wakahamia benchi jingine. Jirani yao Imaculata ndiye aliyemweleza kisimani, tena kwa huruma yenye ncha.

"Watu wanasema tu, Ida, mimi siyo. Wanasema mfiwa hampigi mtu anayempa pole. Kuna alichokijua. Wanakumbuka baba yako na kaka zako walivyofuatana mwaka mmoja, mbiombio. Wanasema tembo amewaonyesha nani aliwala."

Ida alirudi nyumbani bila maji. Alimwambia mumewe maneno hayo yote, mkavu, bila chozi. Hironimus alikaa chini kwenye kigogo. Aliuona uongo wake umekomaa na kuzaa. Yule bibi aliyelia na mnyama kwa sababu ya mume na wanawe, sasa ndiye amewaua. Na Ida alikuwa binti wa mchawi, na Leticia, aliyekuwa anaposwa na watu wa Mbesa, mjukuu wa mchawi. Alitaka kusema kitu, akasema tu, "Watanyamaza." Hawakunyamaza.

Wiki tatu baadaye gari la halmashauri lilikuja na afisa wa wanyamapori kutoka Songea, Judica, mwanamke wa Kilimanjaro mwenye viatu vya matope na sauti ya upole. Alipopita mbele ya Hironimus aliinama kidogo. "Shikamoo, mzee. Nimesoma taarifa zako za zamani ofisini." Hironimus akajibu marahaba kwa aibu, maana katika taarifa zile tembo hakulia hata mara moja.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Judica alieleza bila kuficha. Madume ya tembo yakikomaa, alisema, kila mwaka kuna kipindi damu yao hufurika homoni za kiume, mara nyingi zaidi ya siku za kawaida. Tezi za pembeni mwa kichwa huvimba na kutoa yale maji. Dume huwa halili vizuri, hutembea masafa kutafuta majike, hupigana na chochote kilicho mbele yake, na hamjui aliye mwema wala aliye mbaya. Mwili ukichoka homoni hushuka, naye hutulia. "Marehemu hakuwa na kosa," alimalizia. "Yeyote angesimama pale angeuawa."

Wanawake wengine walifunika nyuso. Mwenyekiti wa kitongoji, Rupert, alisimama na kukohoa.

"Tunakushukuru, mama. Ila wewe ni mgeni, na hayo ni ya vitabuni. Sisi hapa tuna mtaalamu wetu, kakaa na tembo miaka ishirini na sita. Yeye alitwambia yule analia. Sasa tumwamini nani?"

Uwanja mzima ukamgeukia Hironimus. Upande wa wanaume walikaa kaka wa marehemu, wakwe zake wakubwa, ambao mbele yao hata kucheka kwa sauti alikuwa hajawahi. Upande wa wanawake alikaa Ida peke yake, nafasi tupu kulia na kushoto kwake. Ile nafasi tupu ndiyo iliyomnyanyua.

"Afisa amesema kweli," alisema. "Mimi niliwadanganya."

Minong'ono ilipanda. Akaendelea. Alisema alijua tangu mwaka 1967, alifundishwa na Swalehe wa Tunduru. Alieleza mkojo na miguu iliyolowa, alieleza majike, alilitaja kila jambo kwa jina lake.

"Nyamaza!" alifoka mmoja wa wakwe zake wazee. "Unasema hayo mbele yetu? Mbele ya wanawake wote hawa, mbele ya mke wako? Hatukukupa mke ili ututukane!"

"Mnisamehe, wazee wangu. Nimenyamaza miaka mitano na mama amekufa. Hakuwa mchawi. Aliniamini mimi, basi. Alimpelekea pole mnyama kwa sababu mimi nilisema analia, na sikuweza kumwambia sababu yenyewe kwa kuwa mimi ni mkwe wake." Angeweza kukaa hapo, jina la bibi lilikwisha kusafika, na watu walikuwa wanatazamana kwa haya. Lakini lilikuwa limebaki moja, na lilimchoma. "Na siku ile nilimwona. Nilikuwa kwenye migomba. Nilimwona anakwenda, na sikumwita. Nilikimbia kumfuata Ida aje amwite."

Mzee aliyefoka aliketi taratibu. Imaculata aliinuka, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa kando ya Ida, na mwingine akamfuata. Rupert akauliza kwa sauti ndogo habari za kumsaka tembo, na Judica akasema wamemtafuta siku nne, ameondoka na majike kuelekea mashariki, na kwa wakati huu huenda mashavu yamekwisha kukauka. Mkutano ukavunjika bila kufungwa.

Ida hakumngoja mumewe. Alitangulia, na badala ya kwenda nyumbani alishika njia ya shamba la mama yake. Hironimus alimfuata nyuma. Walipofika kwenye migomba Ida alisimama.

"Ulikuwa hapa?"

"Hapo hapo."

"Kaa hapo."

Aliendelea peke yake kupita kwenye mahindi yaliyokanyagwa, polepole, kwa mwendo wa mama yake, akihesabu hatua kwa sauti. Zilikuwa arobaini. Akasimama akampa mgongo, uso kwenye matete.

"Niite," alisema bila kugeuka. "Kama ungemwita yeye."

Hironimus alifungua mdomo. Safari hii sauti ilitoka, wala haikuwa kubwa, ilikuwa imepasuka.

"Mama!"

Ida aligeuka papo hapo. Alimtazama kwa muda mrefu kutoka kule aliposimama.

"Nimesikia," alisema. Kisha akarudi, akampita pale kwenye migomba, akaenda zake nyumbani.